Jumamosi Tatu za Elimu ya Huruma Ntinda: Tathmini ya Mafunzo Niliyoyalipia

Mwezi uliopita nilimaliza mafunzo ya Jumamosi tatu yaliyoandaliwa na kikundi kidogo cha watu wa kujitolea katika ukumbi wa kukodi pale Ntinda, Kampala, kwa ajili ya walimu wa Kiswahili na walezi wa vilabu vya wanafunzi. Ada ilikuwa shilingi 75,000, na ndani yake mlikuwa na chai ya asubuhi, chakula cha mchana, nauli ya ziara ya siku ya mwisho na bahasha ya kadi za kufundishia. Mada iliyotangazwa ilikuwa elimu ya huruma kwa wanyama, na mfano uliobeba mafunzo yote ulikuwa jamii ya Wachina: namna inavyowatazama wanyama, yale iliyofundishana juu yao tangu kale, na mabishano inayoendelea nayo hivi leo. Naandika tathmini hii kwa sababu walimu wenzangu kadhaa wameniuliza kama inafaa kutoa fedha hiyo, na jibu langu ni kwamba inafaa, ingawa yapo mambo ambayo waandaaji hawana budi kuyarekebisha kabla ya zamu ijayo.

Kwanza nieleze kwa nini nilisita kujiandikisha. Katika mtaa ninaokaa, Bweyogerere, mbwa akipotea karibu na kambi ya wajenzi wa barabara, kauli ya kwanza inayosikika ni kwamba Wachina wamemla. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili husema hivyo darasani bila kupepesa macho, na mimi kwa miaka mingi nimewaacha waseme kwa kuwa sikuwa na la kuwajibu. Nilihofu kwamba mafunzo yenyewe yangekuwa ya kuwaweka Wachina kizimbani, tukae kwenye viti vya plastiki tutazame picha za kutisha, tutikise vichwa, kisha turudi nyumbani tukijiona watu wema. Ingekuwa hivyo, ningeondoka kabla ya chakula cha mchana.

Haikuwa hivyo, na sababu kubwa ni mwezeshaji mkuu. Ni mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia Beijing, aliyesoma Kiswahili chuo kikuu huko kwao, ambako lugha yetu imefundishwa tangu miaka ya 1960, na ambaye sasa ameishi Kampala kwa miaka kadhaa. Kiswahili chake ni cha kitabuni lakini kimenyooka, na pale alipokwama alituuliza sisi walimu bila haya. Mwalimu mmoja mzee kutoka Arua alimwita dada tangu saa ya kwanza, na jina hilo likamganda. Msaidizi wake alikuwa daktari wa mifugo, Mganda, kijana mwenye maneno machache na mikono yenye ujuzi, ambaye nitamrudia.

Jumamosi ya kwanza ilianza na kisa kimoja tu, na kisa hicho kilitushika mpaka saa saba mchana. Kimo katika mafundisho ya Mengzi, mwanafalsafa aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mfalme Xuan wa dola ya Qi alikuwa ameketi barazani akamwona mtu anapita chini akimvuta ng'ombe. Akauliza anapelekwa wapi, akajibiwa kwamba anakwenda kuchinjwa ili damu yake itumike kuizindua kengele mpya. Mfalme akaamuru aachwe, kwa kuwa hakuweza kustahimili kumwona anavyotetemeka mithili ya mtu asiye na hatia anayepelekwa kuuawa. Walipomuuliza kama basi ibada ya kengele iachwe, akasema haiwezekani kuachwa, wamtafute kondoo badala yake. Watu wa mji wakamcheka mfalme kuwa ni bahili, amebadilisha mnyama mkubwa kwa mdogo. Mengzi alikataa kumwona bahili. Alimwambia kwamba pale ndipo ilipo mbegu ya utu, kwa sababu ng'ombe alimwona kwa macho yake na kondoo hakumwona. Kisha akamgeuzia swali: ikiwa huruma yako inaweza kumfikia mnyama, imekuwaje haiwafikii raia wako?

Dada alipomaliza, hakueleza chochote. Alisubiri. Mwalimu kutoka Moroto, ambaye kwao mifugo ndiyo maisha, akauliza kwa sauti ya chini: "Na kondoo je?" Ukumbi ulinyamaza. Kwa muda wa saa moja na zaidi tulijadili kama huruma inayotegemea kuona ni huruma kweli au ni udhaifu wa macho tu, na kama mwalimu anapaswa kumwonyesha mtoto kila kitu au kumwacha akue kwanza. Ustadh mmoja kutoka Mbale akaleta hadithi za Mtume zinazojulikana na watoto wote wa madrasa, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, na ya mwanamke mwingine aliyesamehewa kwa kumtekea maji mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Hakuna aliyemwambia ametoka nje ya mada, na kwa hakika hakuwa ametoka. Nimehudhuria semina nyingi za walimu ambazo mtu huitikia ndiyo huku akitazama saa. Katika hii, chai ilipoa vikombeni.

Jumatatu iliyofuata nilikipeleka kisa hicho darasani kwangu kama kilivyo. Mvulana mmoja ambaye baba yake ni mchuuzi wa mbuzi alisema, "Mwalimu, ndiyo maana baba akishapakia mbuzi kwenye gari hageuki tena nyuma." Sikuwahi kumsikia mtoto huyo akisema sentensi ndefu kiasi hicho kwa Kiswahili. Kwangu mimi nusu ya ada ilikuwa imeshalipwa.

Mchana wa siku hiyo ya kwanza ulihusu picha. Mwaka 1929 mchoraji Feng Zikai alichapisha picha 50 za kuhimiza uhai wa viumbe ulindwe, na maneno yake yaliandikwa kwa mkono na mwalimu wake wa zamani, mtawa wa Kibudha Hongyi, ambaye wakati huo alikuwa anatimiza miaka 50 kwa hesabu ya Kichina. Wakakubaliana kwamba mtawa akifika 60 zitolewe 60, akifika 70 zitolewe 70, hivyo hivyo mpaka 100. Hongyi akafariki mwaka 1942. Feng aliendelea na ahadi peke yake, kupitia vita na kupitia Mapinduzi ya Utamaduni (msukosuko wa kisiasa wa zama za Mao) ambayo yalimtesa na kumwaibisha hadharani, akamaliza picha 100 za mwisho mwaka 1973 kwa siri, miaka miwili kabla ya kifo chake. Zote pamoja ni picha 450. Mkusanyo wa sita ulitoka mwaka 1979, mwaka ule ule ambao mtawa angetimiza 100.

Tulipewa nakala za picha kumi na mbili kati ya hizo. Ninayo mbele yangu moja ambayo siwezi kuacha kuitazama: mtu anamvuta kondoo kwa kamba kumpeleka penye nyumba ya chakula, na maneno ya picha yanauliza ingekuwaje kondoo huyo angejua kusoma. Mistari ni michache mno, kama iliyochorwa kwa pumzi moja, na uso wa mtu hauonekani kuwa wa mkatili hata kidogo. Ni mtu aliye kazini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dada alisisitiza kwamba elimu ya huruma haianzi na kumtafuta mwovu. Mtoto akitazama picha hii hapati wa kumchukia. Anabaki na kondoo.

Nina lalamiko kubwa juu ya nakala zenyewe. Kwa ada ya shilingi 75,000, kadi zilizotoka kwenye mashine ya fotokopi wino ukiwa unakwisha hazikubaliki, hasa kwa mchoraji ambaye nguvu yake yote imo katika unyofu wa mstari. Picha nne katika bahasha yangu zina doa jeusi ubavuni, na moja imekatwa mguu wa mnyama. Barabara ya Nasser haiko mbali, na pale mafundi wa uchapaji wangeweza kuzitoa safi kwenye karatasi ngumu kwa gharama ya kawaida. Mwalimu anayetaka kuzibandika darasani atahitaji kuzitafuta upya.

Jumamosi ya pili ilikuwa ngumu, na nadhani ndiyo iliyowapa waandaaji haki ya kuitwa waaminifu. Dada hakuficha lolote la kwao. Alitueleza juu ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyewamwagia dubu watano asidi katika Bustani ya Wanyama ya Beijing mwaka 2002, na jinsi nchi nzima ilivyotetemeka kwa hasira, kisha waendesha mashtaka wakahangaika kutafuta kifungu cha sheria kinachofaa. Mwishowe kosa alilofikishwa nalo mahakamani lilikuwa la kuharibu mali. Dubu aliyeunguzwa macho alihesabiwa sawa na dirisha lililovunjwa. Wachina wengi, alisema, waligundua siku hiyo kwamba hawakuwa na neno la kisheria la jambo ambalo wote walilijua moyoni.

Neno hilo mpaka leo halijapatikana kikamilifu. China ina sheria ya kulinda wanyamapori iliyopitishwa mwaka 1988 na kurekebishwa mara kadhaa, nayo imejengwa juu ya fikra ya kuhifadhi jamii za viumbe adimu. Paka wa mtaani na punda wa mkokoteni hawamo. Mwaka 2009 wanasheria wakiongozwa na Chang Jiwen wa Akademia ya Sayansi za Jamii ya China walitoa rasimu ya sheria ya kuwalinda wanyama wote, ikajadiliwa kwa kelele nyingi, na haikufika kuwa sheria. Ndiyo maana mwaka 2020, mwanafunzi mwingine wa chuo, mkoani Shandong, alipogundulika kuwa amewatesa na kuwaua paka wengi na kuuza picha za video za mateso hayo, adhabu aliyopata ilikuwa kufukuzwa chuo.

Mwalimu mmoja wa Masaka akasema kwa fahari kwamba sisi Uganda tunayo sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama tangu zama za ukoloni. Daktari wa mifugo, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akamuuliza ni lini mara ya mwisho alipoisikia ikitumika. Hakuna aliyekuwa na mfano. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi baadaye: wale wana hasira isiyokuwa na sheria, na sisi tuna sheria iliyolala bila hasira ya kuiamsha, na sijui mwalimu aanze kutamani ipi.

Kuhusu mbwa, ambalo ndilo swali kila mtu alilokuja nalo na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliuliza, dada alilianzisha mwenyewe. Alisema wazi kwamba nyama ya mbwa huliwa katika baadhi ya sehemu za China, kwamba mjini Yulin, mkoani Guangxi, kuna sikukuu ya kila mwaka mwezi Juni iliyovuma duniani kwa ajili hiyo, na kwamba Wachina walio wengi hawali. Kisha akatupeleka kwenye barabara kuu ya nje ya Beijing, Aprili 2011. Dereva mmoja wa gari dogo aliliona lori limejaza mbwa kwenye vizimba, akalizuia, akaomba msaada kwa mtandao wa simu, na baada ya muda mfupi mamia ya watu wa kawaida wakafika. Ndani ya lori mlikuwa na mbwa karibu 500, baadhi yao wakiwa bado na mikanda shingoni. Mwenye lori alikuwa na karatasi zake, kwa hiyo polisi hawakuwa na la kumshika nalo, na baada ya saa nyingi za mabishano watu wale walichanga zaidi ya yuan 100,000 wakawanunua mbwa wote. Dada alikuwapo? Tulimuuliza. Alijibu kwamba hakuwapo, ila alikesha na simu mkononi akisoma.

Baada ya hapo alitaja tarehe ambazo sikuzijua na ambazo nimeziandika kwenye ubao wa darasa langu. Februari 24, 2020, kamati ya kudumu ya Bunge la Umma la China ilipiga marufuku ulaji na biashara ya chakula ya wanyamapori wa nchi kavu. Mei 1 mwaka huo, mji wa Shenzhen ukaanza kutekeleza marufuku ya kula mbwa na paka. Mwezi huo huo, wizara ya kilimo ikatoa orodha ya mifugo ya taifa ambayo mbwa hayumo, kwa maelezo kwamba amekuwa mwenzi wa binadamu. Mijini kwao leo mbwa na paka wanaofugwa majumbani wamepita milioni 100, na vijana waliokua pamoja na wanyama hao ndio wanaowabishia wazee wao mezani. Mwanafunzi wangu anayedhani "Wachina" ni mtu mmoja mwenye sahani moja anahitaji sana kulisikia hili.

Kipindi cha dubu nitakipita haraka kwa sababu kilinielemea. Wapo dubu wanaofugwa vizimbani nchini China ili kukamuliwa nyongo kwa ajili ya dawa, biashara hiyo bado ni halali, na shirika la Animals Asia, lililoanzishwa Hong Kong mwaka 1998, linatunza waliookolewa katika kituo chake karibu na Chengdu. Dada amewahi kujitolea huko. Alituonyesha kwa mikono yake ukubwa wa kizimba, akashindwa kuendelea, na daktari akamalizia.

Sasa lile ninaloliona kuwa kasoro kubwa ya mafunzo haya. Suala la punda lilipewa dakika kumi na tano mwishoni mwa siku ya pili, watu wakiwa wamechoka na mawingu ya mvua yakiwa yameshatanda juu ya Kyambogo. Hili ndilo suala ambalo China na Afrika Mashariki hukutana ana kwa ana. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa utomvu unaoitwa ejiao, dawa ya jadi inayosifika tangu kale katika wilaya ya Dong'e, mkoani Shandong, na ambayo sasa imekuwa bidhaa ya urembo na afya kwa watu wenye kipato. Punda wa China walikuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, leo hawafiki milioni 3, na pengo hilo limetafutiwa ngozi kwetu. Mwezi Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mwalimu wa Moroto alitaka kueleza maana ya punda kwa mama wa Karamoja anayechota maji mbali, naye alikatizwa kwa sababu ukumbi ulitakiwa na watu wa harusi. Siwalaumu watu wa harusi. Nawalaumu waliopanga ratiba, kwa kuwa asubuhi tulipoteza dakika arobaini kwa utambulisho na nasaha za ufunguzi.

Kakakuona alipata bahati zaidi. Juni 2020 China ilimpandisha kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi na kuyaondoa magamba yake kwenye orodha rasmi ya malighafi za dawa za jadi, ingawa baadhi ya dawa zilizochanganywa tayari bado zinayataja. Mama mmoja, mwalimu wa Mukono, akasimama na kusema kwamba yeye ni wa ukoo wa Lugave, na lugave ndiye kakakuona, mwiko wa ukoo wao, kiumbe ambacho tangu utoto hakuruhusiwa kukidhuru wala kukila. Alisema hakuwahi kumwona akiwa hai hata siku moja. Dada alimwomba arudie jina hilo la Kiganda polepole, akaliandika kwenye daftari lake, na nikamwona akilitamka peke yake wakati wa chai. Mtu mmoja akakumbusha magogo yaliyochongwa mvungu na kujazwa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona, ambayo maofisa wa forodha waliyakamata hapa Uganda mwanzoni mwa mwaka 2019, akasema hiyo nayo ilikuwa kazi ya Wachina. Daktari alimsahihisha palepale: waliokamatwa walikuwa Wavietnamu. Nilipenda kwamba usahihi ulipewa nafasi hata pale ambapo uvumi ungeachwa upite bila kumkera mtu.

Desturi ya kuwaachia viumbe huru nayo ilielezwa vizuri. Wabudha wa China kwa karne nyingi wamenunua ndege na samaki walionaswa ili wawaachie, kwa nia njema kabisa, lakini siku hizi wapo wanaowanasa ndege kwa makusudi ili wawauzie wenye nia njema, na kobe wa kigeni wanaotupwa mitoni huwashinda viumbe wa asili. Sheria yao ya wanyamapori sasa inakataza kuachia viumbe kiholela. Kwa mwalimu, huu ni mfano bora wa kuonyesha kwamba huruma inahitaji elimu ya sayansi pembeni yake, na nilitamani upewe zoezi la vikundi.

Jumamosi ya tatu tulikwenda Entebbe, kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori kilichoanza kama kituo cha wanyama yatima mwaka 1952. Gari lililokodiwa liliharibika njiani, tukachelewa kwa saa mbili, na ziara ikabanwa. Hata hivyo yalitokea mawili ambayo yamebaki nami.

La kwanza ni simulizi la dada, tukiwa tumekaa kivulini ziwa likionekana. Alipokuwa mwanafunzi Beijing alijiunga na klabu ya Roots & Shoots, ile iliyoanzishwa na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe. Ilianza mwaka 1991 na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam, ikafika China mwaka 1994. Kwa hiyo elimu ya huruma aliyoipata dada, ambayo leo anaileta Kampala kwa Kiswahili, ilitoka kwa watoto wa Kitanzania waliokutana barazani wakiongea juu ya wavuvi wa baruti na wanyama wa sokoni. Alituambia kwamba alipopata habari za kifo cha Goodall, Oktoba 1, 2025, alifunga mlango akalia, kisha akaanza kuandika ratiba ya mafunzo haya. Mzee wa Arua alimpa leso.

La pili lilikuwa zoezi la daktari, na kama nalazimika kuchagua kitu kimoja cha kuhalalisha ada yote, ni hiki. Alitoa kwenye kapu jogoo mwekundu aliyenunuliwa sokoni asubuhi hiyo, akamshika miguu na kumning'iniza kichwa chini, kama tunavyowaona kila siku kwenye usukani wa boda boda, akatuambia tumtazame mdomo. Mdomo ulikuwa wazi, na kifua kilipanda na kushuka kwa kasi. Akaeleza kwamba kuku hana kile kiwambo cha misuli kinachotenganisha kifua na tumbo kama sisi. Akigeuzwa, matumbo yake huilalia mifuko ya hewa, na kila pumzi huwa ya kusukuma mzigo. Kisha akamgeuza, akapitisha kiganja chini ya kifua, miguu ikaingia katikati ya vidole, mabawa yakabanwa taratibu kwenye ubavu wa mkono. Katika muda wa kuhesabu mpaka ishirini, mdomo ulifungwa. Jogoo akageuza kichwa, akatutazama mmoja mmoja kwa jicho lile la rangi ya chungwa. Kila mmoja wetu alimshika kwa zamu. Mimi nimekula kuku maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuusikia moyo wa kuku kwenye kiganja.

Baadaye chakula cha mchana kikaletwa, na kilikuwa matoke na kuku. Walimu kadhaa walitazamana. Ninaamini waandaaji hawakufikiria, na sisemi kwamba ilipasa tule majani; lakini baada ya Mengzi, ambaye alisema kwamba muungwana hukaa mbali na jiko kwa sababu hawezi kula nyama ya mnyama aliyemsikia akilia, ukimya wa mezani ulikuwa nafasi ya somo iliyopotezwa. Ilitosha mtu mmoja aseme kuku wale walitoka wapi na walichinjwaje. Kwa jamii inayokula nyama, yetu na yao, hapo ndipo penye swali, na mafunzo yaliyothubutu kuongelea mbwa wa Yulin yalipaswa kuthubutu kuongelea sahani iliyokuwa mbele yetu.

Ninayapendekeza mafunzo haya kwa mwalimu yeyote wa Kiswahili, hasa sasa ambapo tangu uamuzi wa baraza la mawaziri wa Julai 2022 tunatakiwa kulifikisha somo la Kiswahili kila shule na hatuna vitabu vya kutosha vyenye mambo ya kuwafanya watoto wazungumze. Mwalimu wa Sayansi naye atafaidika. Anayetafuta cheti chenye muhuri wa serikali asiende, maana karatasi inayotolewa ni ya kikundi tu. Waandaaji wawape punda nusu siku, wachapishe kadi upya, na wamruhusu mwalimu wa Moroto amalize alichokuwa anasema. Zamu ijayo imetangazwa kufanyika Jinja, na nimeshamchangia nusu ya ada mwalimu mwenzangu wa Baiolojia.

Yule jogoo wa Entebbe alipewa mwalimu wa Mukono, akaondoka naye kwapani. Mimi Jumapili yake nilinunua kuku wangu Kireka kwa ajili ya wageni, nikakataa afungwe kwenye usukani, nikampakata kama nilivyofundishwa. Mwendesha boda akaniuliza kama kuku ni mgonjwa. Nikamweleza habari ya mifuko ya hewa mpaka tulipofika Bweyogerere, naye alipoizima pikipiki akaomba nimwonyeshe tena mahali pa kuweka vidole.